Kikombe cha Hedhi: Kimefanywa kwa Kitu Gani?



Muhula huu nimeomba nafasi niandike juu ya jambo ambalo wasichana hulisema kwa kunong'ona, na wavulana hulicheka kwa kuwa hawalijui. Si jambo la aibu. Ni jambo la mwili, na tena, kama mtakavyoona, ni jambo la Kemia. Wavulana nao nawaomba wasome mpaka mwisho, maana kila mmoja wao ana mama au dada, na huko mbele huenda akawa na binti.

Habari hii ilianzia katika sufuria ya mama.

Likizo iliyopita dada yangu mkubwa, ambaye kazi yake ni kuosha mchanga wa dhahabu mwaloni, alirudi nyumbani kwetu Kalangalala na kitu kidogo kilichoviringishwa katika karatasi ya gazeti. Kilikuwa na umbo la kengele iliyopinduliwa, laini, rangi ya waridi, na chini yake kijiti kama mkia. Alikuwa amekinunua mnadani. Muuzaji alimwambia, "Hiki ni kikombe cha hedhi, silikoni ya hospitali kabisa. Pedi hutanunua tena miaka kumi." Hakikuwa na boksi wala karatasi ya maelezo. Dada aliambiwa tu akichemshe kwanza. Basi akakitia katika sufuria ndogo juu ya jiko la mkaa, akaenda bombani kuchota maji. Foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi, maji yamekauka, na kikombe kimeyeyuka na kushikamana na sufuria kama nta ya mshumaa.

Mama hakugombeza kwa ajili ya sufuria. Aliitazama kwa muda, kisha akauliza, "Kitu hiki kimetokana na nini? Kama chayeyuka katika sufuria yangu, kitafanya nini ndani ya mwili wa mwanangu?"

Dada hakuwa na jibu. Mimi nisomaye Kemia Kidato cha Tatu sikuwa na jibu pia, na jambo hilo liliniuma. Mama akatoa amri kwamba kitu cha namna hiyo kisiingie tena nyumbani mwake mpaka atokee mtu wa kumweleza kilivyotengenezwa.

Amri hiyo ilinigusa hata mimi. Nyumbani kwetu mimi na dada hugawana pakiti moja ya pedi. Mwezi ambao mwaloni hakukupatikana kitu, hutumia vipande vya kanga chakavu, na siku hizo mimi huketi dawati la nyuma wala siinuki kwenda ubaoni hata kama jibu ninalo. Bei ya pedi ni jambo ambalo hata Serikali imelihangaikia. Katika mwaka wa fedha 2018/19 iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani katika taulo za kike, kisha ikairudisha mwaka wa 2019/20 kwa kuwa bei madukani haikushuka kama ilivyotarajiwa. Kwa hiyo kitu kinunuliwacho mara moja na kutumika miaka mingi si jambo dogo kwa watu kama sisi. Lakini swali la mama lilikuwa la haki, na lilistahili jibu kabla ya jambo lolote.

Shule ilipofunguliwa nilimwendea mwalimu wetu wa Kemia, nikamweleza yote. Hakucheka. Alisema, "Mama yako ameuliza swali ambalo kila mnunuzi angepaswa kuuliza. Nenda ukaniletee kile kilichobaki katika sufuria." Haya niandikayo ndiyo tuliyojifunza.

KAZI YA KIKOMBE

Pedi hunyonya damu. Kikombe hakinyonyi, bali huikinga. Hukunjwa, kikaingizwa ukeni, na humo ndani hujikunjua na kukaa kama bakuli. Vingi hupokea mililita 20 hadi 30. Baada ya saa kadhaa hutolewa, humwagwa, huoshwa na kurudishwa. Hedhi ikiisha huchemshwa na kuwekwa mpaka mwezi ufuatao.

Wengi huogopa kwamba kitapotea tumboni. Hakiwezi. Juu ya uke kuna mlango wa kizazi, na tundu lake ni dogo mno kwa kikombe kupita.

Sasa fikirini kitu hicho kinadaiwa sifa gani. Sharti kiwe laini kikunjike, lakini kiwe na nguvu ya kujikunjua chenyewe. Sharti kivumilie maji yachemkayo mwezi baada ya mwezi. Sharti kisitoe kitu chochote kinachodhuru mwili, wala kisichubue. Vitu vyenye sifa zote hizo kwa pamoja si vingi. Mpaka leo vikombe hufanywa zaidi kwa vitu vitatu: mpira wa asili, silikoni, na plastiki ya kunyumbuka.

MPIRA WA ASILI

Hiki ndicho kikongwe. Mpira hutokana na utomvu mweupe wa mti ambao asili yake ni misitu ya Brazili. Gome hukwanguliwa kwa kisu, utomvu ukachuruzika katika kopo. Hapa nchini miti hiyo imepandwa Kihuhwi, wilayani Muheza, na Kalunga, katika bonde la Kilombero, katika mashamba ya Shirika la Maendeleo la Taifa.

Mpira mbichi haufai kitu. Wakati wa joto hunata, wakati wa baridi hukakamaa. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukipashwa moto pamoja na salfa hubadilika ukawa imara. Sababu yake ni hii: molekuli za mpira ni minyororo mirefu iliyolala ovyo kama kamba zilizotupwa chini. Salfa huzifunga kamba hizo mahali mahali, zikawa kama wavu wa mvuvi. Wavu ukiuvuta hunyooka, ukiuachia hurudi.

Mwaka 1937 mwigizaji wa Marekani, Leona Chalmers, alipata hataza ya kikombe cha hedhi cha mpira, ambacho umbo lake halitofautiani sana na vikombe vya leo. Lakini ikaja Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1942 Wajapani waliteka Malaya na Singapore, ambako ndiko mpira mwingi wa dunia ulikotoka, na mpira uliobaki ukatakiwa kwa magurudumu ya magari ya vita. Uhaba ulikuwa mkubwa hata mashamba ya zamani ya mpira katika Tanganyika, yaliyopandwa wakati wa Wajerumani, yakafufuliwa kwa muda. Kikombe cha Bibi Chalmers kikakosa malighafi, kikakoma. Alijaribu tena baada ya vita, lakini wanawake wengi wa siku hizo hawakukipokea. Mwaka 1987 kikombe kingine cha mpira, kiitwacho The Keeper, kilianza kuuzwa Marekani, na hicho kikadumu.

Mpira wa asili una ila zake. Utomvu huwa na protini, na watu wengine miili yao huzikataa, wakawashwa, wakavimba, na wachache wakaugua sana. Mtu awashwaye na glavu za mpira au maputo asitumie kikombe cha mpira kabisa. Tena mpira huzeeka. Jua na hewa huudhoofisha ukapasuka au kunata, na mafuta huuharibu upesi.

SILIKONI

Nakuja sasa kwenye kitu ambacho vikombe vingi vya leo hufanywa kwacho, na hapa ndipo nilipostaajabu.

Mwalimu alifungua kabati la maabara akatoa jiwe jeupe, gumu, lenye kung'aa kidogo. Akauliza, "Nani hajawahi kuliona?" Darasa zima likacheka. Ni nani wa Geita asiyelijua? Ndilo jiwe ambalo wachimbaji wadogo hulifuata chini ya maduara, kule Nyarugusu na Mgusu, maana dhahabu hupenda kukaa ndani ya mishipa yake. Hulipasua kwa nyundo, hulisaga katika karasha, huliosha mwaloni, hutwaa dhahabu na kuacha mchanga. Wataalamu huliita kwatzi. Ni silika tupu, yaani silikoni na oksijeni zilizoungana.

"Basi," akasema mwalimu, "kikombe cha silikoni huanza safari yake kwa jiwe la namna hii."

Safari yenyewe ina hatua nne. Kwanza, kwatzi safi hutiwa pamoja na mkaa katika tanuru la umeme lenye joto la nyuzi zipatazo 2,000. Kaboni ya mkaa huinyang'anya silika oksijeni yake, na kinachobaki ni elementi ya silikoni, ya kijivu, ing'aayo kama chuma lakini yenye kuvunjika kama kioo.

Pili, silikoni hiyo husagwa ikawa unga, ikapitishiwa gesi ya kloridi ya methili penye kichocheo cha shaba. Njia hiyo iligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1940 na Eugene Rochow wa Marekani, naye Richard Müller wa Ujerumani akaigundua kivyake wakati huo huo.

Tatu, kimiminika kinachopatikana hukutanishwa na maji. Klorini huondoka, na atomi za silikoni na oksijeni hushikana kwa zamu, silikoni, oksijeni, silikoni, oksijeni, zikawa minyororo mirefu. Kila atomi ya silikoni hubeba pia vikundi viwili vya methili, na hivyo ndivyo huifanya minyororo iwe laini badala ya kurudi kuwa jiwe.

Nne, minyororo hiyo, ambayo bado ni kama uji mzito, huingizwa katika kalibu ya chuma yenye moto pamoja na platini kidogo ya kuchochea. Humo hufungana, kama kamba za mpira zilivyofungwa na salfa, na kinachotoka ni kikombe. Hatua hii haina kurudi nyuma. Ni kama yai: likishachemshwa, hulirudishi kuwa la majimaji.

Minyororo ya silikoni na oksijeni ni migumu kuvunjwa kwa joto. Silikoni nzuri huvumilia nyuzi 200, na maji yachemkayo kwake si kitu. Haina protini za utomvu, na haiungani upesi na vitu vingine. Ndiyo maana hutumiwa hospitalini kufanyia mirija na vifaa vingine vinavyokaa mwilini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vikombe vya silikoni vilianza kuuzwa Uingereza, na sasa ndivyo vilivyoenea.

Lakini neno "silikoni" peke yake halitoshi. Kuna silikoni ya kuzibia madirisha na ya kufanyia makasha ya simu. Ile ya kikombe inatakiwa iwe ya daraja la kitabibu, yaani iliyosafishwa na kupimwa kwa kanuni kama zile za kimataifa ziitwazo ISO 10993, kuona kama inaua chembe hai, inachubua ngozi, au inatoa kitu kinachodhuru. Mnunuzi hawezi kuliona daraja hilo kwa macho. Hulijua kwa maandishi ya mtengenezaji anayejitaja jina na mahali alipo.

PLASTIKI YA KUNYUMBUKA

Kitu cha tatu ni plastiki laini ambayo wenye viwanda huiandika kwa herufi tatu, TPE. Minyororo yake ina sehemu ngumu na sehemu laini. Sehemu ngumu za mnyororo mmoja hukumbatiana na zile za mnyororo wa jirani, na hivyo huushikilia wavu. Lakini kukumbatiana si kufungwa. Joto likizidi huachiana, na plastiki ikayeyuka. Ikipoa hukumbatiana tena. Ni kama samli: huganda, huyeyuka, huganda.

TPE ya daraja la kitabibu si kitu kibaya, na vipo vikombe halali vinavyofanywa kwayo, hasa Ujerumani. Inafaa kwa mwenye kudhurika na mpira. Bei ya kuitengeneza ni nafuu kwa kuwa huyeyushwa na kumiminwa upesi. Ila haivumilii moto kama silikoni.

JARIBIO LETU CHINI YA MTI

Mwalimu alitutoa nje, penye hewa, na taa ya spiriti na koleo. Alikuwa na vipande vitatu, kila kimoja kidogo kama ukucha. Cha kwanza ni cha glavu ya mpira ya maabara. Cha pili ni mkia wa kikombe kipya cha matroni wetu, maana watumiaji wengi hukata mkia ukiwa mrefu. Kikombe hicho kilikuja katika boksi lililoandikwa kwamba ni silikoni ya kitabibu. Cha tatu ni kile nilichobandua katika sufuria ya mama.

Kipande cha glavu kiliwaka kwa moshi mweusi na harufu kama ya tairi. Mkia wa kikombe cha matroni haukuyeyuka wala kudondoka. Uliwaka polepole kwa moshi mweupe, ukaacha jivu jeupe kama unga. "Hilo jivu ni silika," mwalimu akasema. "Kwa maneno mengine, ni lile lile jiwe. Limerudi kwao." Kipande cha dada kililainika mara moja, kikadondoka matone yanayowaka.

Sote tulinyamaza. Muuzaji alikuwa amesema silikoni ya hospitali, na moto umesema sivyo.

Mwanafunzi mmoja akauliza, "Basi ni TPE?" Mwalimu akajibu kwamba hilo hatuwezi kulisema. Zipo plastiki nyingi zinazoyeyuka, na nyingine hulainishwa kwa dawa ambazo hazifai kabisa kukaa mwilini. Jaribio lilituonyesha kitu kile si nini. Kujua ni nini hasa kunahitaji maabara kubwa kuliko yetu. Nayaandika maneno hayo kwa kuwa ndiyo yaliyonifunza zaidi. Kujua kwamba kitu kinadanganya hakukupi bado ukweli wake.

Wasomaji, msilifanye jaribio hili nyumbani. Moshi wake ni mbaya, na kikombe kilichokatwa na kuchomwa hakitumiki tena.

KWA NINI KILIYEYUKA?

Sufuria yenyewe inahitaji maelezo, maana wengi watafanya kosa lile lile. Maji yakichemka hayazidi joto lake hata ukiongeza mkaa. Pwani huchemka kwa nyuzi 100. Hapa Geita, kwa kuwa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, huchemka yapata nyuzi 96. Kwa hiyo maadamu sufuria ina maji, kikombe hakiwezi kupata joto kuliko hilo. Maji yakikauka, ulinzi umekwisha. Chuma hupanda mpaka mamia ya nyuzi. Hapo plastiki huyeyuka, mpira huungua, na hata silikoni huharibika ikikaa muda.

Basi kuyeyuka katika sufuria kavu si ushahidi kwamba kitu kingeyeyuka mwilini, maana mwili una nyuzi 37 tu. Hilo ni jibu la nusu ya swali la mama. Nusu ya pili ni kwamba kitu kile kilikuwa kimetajwa kwa jina lisilo lake, na kwa hiyo hakuna aliyejua kina nini ndani.

MASHARTI YA MATUMIZI

Kitu kizuri kikitumiwa vibaya hudhuru. Nimeyakusanya masharti haya kutoka kwa matroni na mwalimu.

Kwanza, mikono. Ioshwe kwa sabuni kabla ya kukishika. Kwa wanaofanya kazi mwaloni nasema mara mbili: mkono ulioshika zebaki usikiguse kikombe mpaka umeoshwa vema kwa sabuni na maji mengi, wala kikombe kisiwekwe karibu na vifaa vya kazi hiyo.

Pili, saa. Kisikae mwilini kupita saa 12, na kama karatasi yake inasema saa chache zaidi, ifuatwe karatasi. Upo ugonjwa adimu lakini wa hatari uletwao na sumu ya bakteria aitwaye stafilokokasi. Dalili zake ni homa kali ya ghafla, kutapika, vipele na kizunguzungu. Zikitokea, kikombe kitolewe na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Mwaka 2018 wataalamu wa Lyon, Ufaransa, walionyesha kwamba bakteria hao huweza kujishikiza hata juu ya kikombe, kwa hiyo kusuuza tu hakutoshi.

Tatu, kukichemsha. Kabla ya mara ya kwanza, na kila hedhi iishapo, kichemshwe kwa dakika zilizoandikwa katika karatasi yake, katika maji mengi, na mtu akae karibu. Kisitiwe dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, wala kisipakwe mafuta. Maji safi yatosha kukilainisha.

Nne, rangi. Silikoni hubadilika rangi kwa matumizi. Huo si uchafu. Ng'ambo ya Ziwa, huko Siaya, nchini Kenya, wauguzi walitumia kubadilika huko kuwa dalili kwamba msichana kweli amekitumia kikombe chake. Lakini kikianza kunata, kupasuka au kutoa unga, kitupwe.

Tano, kila mtu na chake. Kikombe hakiazimwi, hata kwa dada wa tumbo moja.

Habari ya Siaya yafaa kuendelezwa kidogo, maana wale ni wasichana wa rika letu, na wa ziwa letu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wasichana 751 wa shule za msingi 30, wenye umri wa miaka 14 hadi 16, waligawanywa: wengine vikombe vya silikoni, wengine pedi, wengine wakabaki na desturi yao. Vikombe havikuleta ule ugonjwa wa sumu, lakini wengi walihitaji miezi kuvizoea. Mwaka 2019 jarida la The Lancet Public Health lilichapisha uchunguzi uliokusanya tafiti 43 zenye washiriki 3,319, nao ukaona kwamba vikombe ni salama kwa watu wengi, na havivujishi kuliko pedi. Wapo waliopata maumivu au waliovikataa, na hao hawakukosea. Kila mtu na mwili wake.

MAMA APATA JIBU LAKE

Jumamosi ile nilirudi nyumbani, na katika mfuko wa sketi nilikuwa na vitu viwili: kipande cha jiwe jeupe na kijikaratasi chenye lile jivu. Mama alikuwa akipepeta mchele wa kupikia wateja wake wa mwaloni. Nikaviweka mbele yake, nikamweleza yote tangu tanuru mpaka kalibu.

"Yaani ni jiwe?" akauliza.

"Ni jiwe, mama, ila limebadilishwa mara nne."

Akalichukua, akaligeuza mkononi. "Miaka yote hii nawauzia chakula watu wanaoliponda hili wakatupa mchanga wake," akasema, akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Na kile cha dada yako?"

"Hatujui, mama. Tunajua tu kwamba siyo alichoambiwa."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi kisichojulikana kisiingie. Kinachojulikana, tuzungumze."

Na tulizungumza, sisi watatu, jambo ambalo halikupata kutokea nyumbani kwetu. Mama alitaka kujua kama kikombe humwondolea msichana ubikira. Nilimjibu kama matroni alivyonijibu: ubikira hutoka kwa tendo la kujamiiana na si kwa kifaa, ingawa utando ule waweza kunyumbuka au kuchanika kidogo. Mama hakuridhika sana, nami sikumshindania. Siku nyingine alikwenda mwenyewe kumwona matroni.

Sasa dada anacho kikombe kilichokuja katika boksi. Jina la kitu kilichofanyiwa limeandikwa, na la mtengenezaji, na mahali alipo. Kabla ya kukinunua alinipigia simu, nikamwambia anisomee maandishi yote, neno kwa neno. Mama amenunua sufuria ndogo mpya, imetundikwa peke yake ukutani, na hakuna anayeruhusiwa kuipikia mboga. Kinapochemka, mama mwenyewe huketi karibu na jiko akitazama maji yasikauke.

Mimi bado sijaamua. Mama ameniambia nisifanye haraka, na kwa sasa ninatumia pedi za kitambaa za kufua, ambazo huzianika juani kama nguo nyingine. Lakini nikienda kununua kitu chochote kitakachogusa mwili wangu, nitauliza kwanza alivyouliza mama. Ninyi nanyi ulizeni. Muuzaji asiyeweza kujibu, mwacheni na bidhaa yake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu